Mkono Uvumao: Hotuba juu ya Mshipa wa Kusafishia Damu na Dalili za Kufinyika Kwake



Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu katika siku hii ya kumbukumbu ya chama chetu. Bwana Katibu aliponijia kuniomba niseme maneno machache juu ya siha, nilidhani ya kuwa angetaka habari za malaria au za maji safi, kama ilivyo desturi. Lakini aliniambia ya kwamba hapa Buyenzi zipo nyumba zenye mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, na kwamba jamaa zao humwuliza swali moja: "Sisi tusiokuwa waganga, twaweza kumsaidiaje mtu wetu?" Nimekuja kulijibu swali hilo, nami nitalijibu kwa jambo moja tu. Ule mshipa ulio mkononi mwake ndio njia ya uhai wake. Mshipa huo haufi ghafula kama wengi wadhaniavyo. Kwa kawaida huanza kufinyika kwanza, na unapofinyika hutoa habari. Kazi yetu ni kuzijua habari hizo na kuzipeleka mahali panapostahili kabla ya mshipa kunyamaza.

Yafaa kwanza nieleze mambo yalivyo, ili mdogo na mkubwa tuende pamoja. Figo ni viungo viwili vinavyochuja damu mchana na usiku. Zikishindwa kabisa, taka na maji hujikusanya mwilini, na mtu hawezi kuishi ila apate figo ya mtu mwingine au asafishwe damu. Katika kusafishwa kwa mashine, damu hutolewa mwilini kwa sindano moja, hupitishwa kando ya utando mwembamba unaoziacha taka zitoke, kisha hurudishwa kwa sindano ya pili. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua saa 4, mara 3 kwa juma, ingawa wengi katika nchi zetu huenda mara 2 kwa sababu ya gharama. Mashine huhitaji damu nyingi, kiasi cha mililita 300 hivi kwa kila dakika. Mshipa wa kawaida tunaoutoboa ili kupima damu hauwezi kutoa kiasi hicho.

Shida hiyo iliwasumbua waganga kwa miaka mingi. Daktari Willem Kolff aliunda mashine yake mwaka 1943 katika mji wa Kampen, nchi ya Uholanzi, wakati wa vita. Mashine ilifanya kazi, walakini kila mara ilimpasa atafute mshipa mpya wa kuingilia, na mishipa ya binadamu ina hesabu yake. Ikiisha, mashine haifai kitu. Mwaka 1960, huko Seattle, Marekani, Daktari Belding Scribner na wenzake walimwekea mgonjwa mrija uliokaa nje ya ngozi siku zote, ukiunganisha mishipa miwili. Hapo ndipo watu wenye figo zilizokufa walipoanza kuishi kwa miaka. Hata hivyo mrija ule uliziba mara kwa mara, na vijidudu vilipata mlango wa kuingilia.

Kisha katika mwaka 1965, katika hospitali ya askari wastaafu huko Bronx, New York, madaktari James Cimino na Michael Brescia, pamoja na mpasuaji Kenneth Appel, walifanya jambo rahisi sana. Hawakuweka mrija wowote. Walichukua ateri ya kifundo cha mkono, yaani mshipa unaoleta damu kwa nguvu kutoka moyoni, wakaushona ubavu kwa ubavu na vena iliyo karibu yake, yaani mshipa unaoirudisha damu moyoni polepole. Damu yenye nguvu ikaingia katika vena, na vena ikatanuka na kukaza ukuta wake. Habari hiyo waliitangaza mwaka 1966, na mpaka leo, zaidi ya miaka 50 baadaye, ndiyo njia inayopendelewa kwa wagonjwa wengi duniani kote. Huitwa fistula. Wengi wetu tumelisikia neno hilo kwa maradhi ya akina mama yatokanayo na uzazi mgumu. Hapa maana yake ni nyingine kabisa. Si maradhi, bali ni kiungo kilichotengenezwa kwa makusudi. Fistula iliyokomaa hupitisha mililita 600 kwa dakika, na pengine zaidi ya 1,000. Ukiigusa husikia mtetemo chini ya vidole, na ukiiwekea sikio husikia mvumo.

Kwa nini basi mshipa huo ufinyike? Sababu ni kwamba vena haikuumbwa kwa kazi hiyo. Damu inaingia kwa kasi na kwa kuzunguka-zunguka, na ngozi ya ndani ya mshipa hujibu kwa kuota na kuwa nene, kama kiganja cha mwenye jembe kiotavyo sugu. Zaidi ya hayo ziko sindano. Mgonjwa aendaye mara 3 kwa juma hutobolewa sindano 2 kila mara. Kwa mwaka mmoja ni matundu 312 katika mkono mmoja. Mahali panapoota unene, njia ya damu huwa nyembamba. Damu ikipungua mwendo huganda, na ikiganda, fistula imekufa.

Ndugu zangu, nimekuwa mwuguzi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia kando ya mashine hizi. Sasa nitawasimulia kosa langu mwenyewe. Yuko mzee mmoja ambaye jina lake nalificha, ingawa ameniruhusu niseme habari zake. Fistula yake ilikuwa katika mkono wa kushoto, na ilifanya kazi vizuri kwa muda wa miaka miwili. Kisha mambo matatu yakatokea kwa muda wa majuma manne. La kwanza, alipotolewa sindano, damu ilichukua muda mrefu kukoma. Zamani ilikoma ndani ya dakika 10, sasa alikaa amebonyeza pamba zaidi ya nusu saa. La pili, mashine ilipiga king'ora mara kwa mara kuonyesha ya kuwa damu inarudi kwa shida. La tatu, mzee mwenyewe alihisi ya kuwa mkono wake hautetemi kama zamani, bali unadunda.

King'ora kilipolia, nilibonyeza kitufe kikanyamaza, nikapunguza mwendo wa damu, nikamwambia, "Mzee wangu, ni mashine tu." Nilifanya hivyo si mara moja. Yeye naye, kwa adabu yake, hakutaka kutusumbua. Alituona tuna kazi nyingi, akanyamaza. Siku ya Ijumaa, alfajiri, alipoamka aligusa mkono wake asisikie kitu. Aliona haya kupiga simu siku ile, akangoja mpaka Jumatatu, zamu yake. Tulipomwona, damu ilikwisha kuganda mshipani, na jitihada za kuufungua hazikufaulu. Ilipasa awekewe mrija shingoni. Mrija huo ulimpa homa kali mara mbili kwa vijidudu vilivyoingia katika damu, na mara ya pili tulikata tamaa naye. Alipona kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, lakini mkono wake wa kushoto haukufaa tena.

Dalili zote tatu zilikuwa mbele ya macho yetu, na hakuna hata moja iliyohitaji chombo cha gharama. Basi nitazieleza dalili hizi kwa utaratibu, nanyi mzichukue mpaka nyumbani.

Jambo la kwanza ni kutazama. Mgonjwa akae mahali penye mwanga, mikono yote miwili wazi, ailinganishe. Je, mkono wenye fistula umevimba kuliko mwenzake? Je, zimetokea mishipa mipya iliyosimama juu ya bega au kifuani? Je, uso umevimba upande mmoja? Hayo huonyesha ya kuwa njia imefinyika mbali, karibu na bega au ndani ya kifua, na damu inatafuta vichochoro. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mtu aliyewahi kuwekewa mrija shingoni au chini ya mtulinga. Kisha auinue mkono juu kupita kichwa. Mshipa ulio mzima hulegea na kunywea mkono unapoinuliwa, kwani damu inateremka yenyewe kurudi moyoni. Ukibaki umejaa na kukakamaa, pana kizuizi mbele, kati ya mahali hapo na moyo. Pengine sehemu moja hunywea na nyingine husalia imejaa. Hapo kizuizi ki karibu na mpaka wa sehemu hizo mbili.

Jambo la pili ni kugusa. Mshipa mzima, hasa karibu na kovu la mpasuo, hutetema mfululizo, kama paka aliyelala na kukoroma taratibu. Na mwili wake ni laini, hubonyea kwa urahisi. Ukifinyika mbele, mtetemo hupungua na mahali pake huja kudunda kwa nguvu, pigo moja moja, na mshipa huwa mgumu kama mpira uliojazwa upepo. Mfano wake ni mpira wa kumwagilia bustani: ukiubana mwishoni, sehemu ya nyuma hukakamaa. Ukifinyika nyuma, karibu na kovu, mambo huwa kinyume: mshipa huwa bapa na mnyonge, mtetemo ni hafifu, na mwuguzi hupata taabu kuuingiza sindano. Mwuguzi aliyefundishwa anaweza kupima zaidi: huubana mshipa kwa kidole kwa nukta chache mbali kidogo na kovu, na pigo lililo kati ya kidole na kovu lapaswa kuongezeka nguvu. Lisipoongezeka, damu haiingii ya kutosha. Kipimo hiki kifanywe na mwuguzi au daktari. Nyumbani yatosha kugusa bila kubana.

Jambo la tatu ni kusikiliza. Mwuguzi hutumia chombo kile kile cha kusikilizia kifua. Nyumbani mgonjwa aweza kuinua mkono mpaka sikioni, au jamaa yake akauwekea sikio. Mvumo wa mshipa mzima ni mzito na haukatiki. Unasikika moyo unapopiga na unapopumzika. Mahali palipofinyika, sauti huwa nyembamba na kali kama mluzi, nayo husikika wakati wa pigo tu, kisha hukatika. Sisi tukaao karibu na mto Ntahangwa hatuhitaji mwalimu wa kutueleza hilo. Mahali mto ulipo mpana, maji hupita kwa utulivu. Yakikuta mawe yaliyoubana mto, hukimbia na kupiga kelele.

Baada ya hayo, zipo habari zitolewazo na mashine, na hizi ni juu yetu sisi wauguzi. Mashine hupima kani ya damu inayotoka na ya damu inayorudi. Kipimo cha siku moja hakisemi mengi, kwani sindano ikikaa vibaya hukibadili. Lakini ikiwa kwa mwendo ule ule wa damu na sindano za ukubwa ule ule, kani ya kurudi inapanda siku hadi siku, mara tatu mfululizo, hapana budi kuuliza kwa nini. Kadhalika ikiwa damu haiwezi tena kufika mwendo ulioagizwa na daktari, au sindano zinavuta vipande vya damu iliyoganda, au vipimo vya maabara vyaonyesha ya kuwa taka hazitoki kama zamani bila ya sababu nyingine. Wala isisahauliwe ile ya kutokwa damu: ikichelewa kukoma, kwa mfano zaidi ya dakika 20, si siku moja bali mara kwa mara, na dawa ya kuzuia kuganda haikuongezwa, hiyo ni dalili. Namsihi kila mgonjwa awe na daftari dogo. Aandike tarehe, kipimo cha kani ya kurudi atakachosomewa na mwuguzi, na dakika za damu kukoma. Gharama yake ni daftari na kalamu.

Najua wapo watakaosema, "Haya ni mambo ya maskini, huko kwa wenzetu mashine ndizo zinazotafuta." Ni kweli ya kuwa iko ultrasaundi, inayoonyesha mshipa ulivyo na kupima mwendo wa damu ndani yake. Nayo ina manufaa makubwa dalili zikionekana, kwani huonyesha mahali palipofinyika na kadiri yake. Fistula inayopitisha chini ya mililita 500 kwa dakika hutiliwa shaka. Lakini sikilizeni neno la wataalamu. Wakfu wa figo wa kitaifa wa Marekani ulitoa mwongozo wake wa 2019 juu ya mishipa hii. Mwongozo huo ulisisitiza mshipa uchunguzwe mara kwa mara kwa mkono, jicho na sikio la mtu mwenye ujuzi. Ulisema pia ya kuwa ushahidi hautoshi wa kuagiza kila fistula ipimwe kwa vyombo kila wakati juu ya uchunguzi huo, wala mshipa usitanuliwe kwa sababu tu picha imeonyesha wembamba, ikiwa hakuna dalili kwa mgonjwa. Kwa hiyo tunapougusa mkono wa mgonjwa wetu hatufanyi kazi ya watu waliokosa vyombo. Tunafanya ile iliyo ya kwanza kila mahali.

Dalili zikionekana, tiba ipo. Daktari huingiza waya mwembamba mshipani, na juu yake puto dogo; puto hujazwa mahali palipofinyika, na njia hufunguka. Aghalabu mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Pengine hupasuliwa na kushonewa mahali papya. Lakini natoa onyo: wembamba mara nyingi hurudi baada ya miezi, kwa hiyo kutanuliwa si mwisho wa kuangalia. Na mshipa ukinyamaza kabisa, usingoje zamu yako. Nenda au piga simu saa ile ile, hata ikiwa ni usiku, kwani damu iliyoganda leo huenda ikaondolewa, na iliyokaa siku nyingi ni shida kuiondoa. Kwa muda huo huo tuulinde mkono huo: usipimwe shinikizo la damu, usitolewe damu ya vipimo, usivikwe saa wala bangili inayobana, usilaliwe, usichukue kikapu kizito kwa kukiangika kiwikoni.

Nasi katika jumuiya yetu tunayo desturi inayotusaidia bila ya gharama. Mtu anayetawadha huosha mikono yake mpaka viwikoni mara tano kutwa. Nawaomba wagonjwa wetu: kila mnapotawadha, wekeni vidole juu ya mshipa kwa muda wa pumzi tatu. Mtu augusaye mkono wake mara tano kila siku huyajua mabadiliko kabla ya daktari yeyote. Jamaa zao wawe wa kwanza kuwauliza, "Babu, mkono wavuma leo?"

Narudi kwa mzee wangu. Alipasuliwa tena, safari hii mkono wa kulia, juu ya kiwiko, na mrija wa shingoni ukaondolewa. Nyumbani kwake yuko mjukuu wa miaka tisa ambaye kila asubuhi kabla ya kwenda shule huweka mkono wake juu ya mkono wa babu kusikiliza "paka." Baada ya miezi kumi na mmoja mtoto alisema, "Babu, leo paka hayupo. Yuko mtu anabisha hodi." Mzee hakungoja zamu yake wala hakuona haya. Alikuja siku ile ile akiwa na daftari lake, na daftari lilionyesha ya kuwa kani ilikuwa ikipanda kwa siku nne mfululizo. Safari hii sikubonyeza kitufe. Niliuinua mkono wake, mshipa ukabaki umejaa. Tuliandika barua, jamaa na majirani wakachanga, akavuka mpaka kwenda kutanuliwa. Penye bega palikuwa pamefinyika sana. Alirudi baada ya siku tatu, na fistula hiyo inafanya kazi mpaka hivi leo. Yumo humu ukumbini, nami nimemwona akiugusa mkono wake nilipokuwa nikisema.

Bwana Mwenyekiti, kwa wagonjwa nina ombi moja: msituonee haya sisi wauguzi. Mkiona jambo limebadilika, semeni, na tukiwaambia ni mashine tu, semeni tena. Kwa wenzangu wa kazi hii nina ombi kama hilo. King'ora kinapolia, kabla ya kukinyamazisha, tuweke kwanza mkono wetu juu ya mkono wa mgonjwa.